Nimeposti Picha, Ng'ombe wa Baba Mkwe Wakafufuka

Mama Brightness mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kuomba msaada wako, na naomba pia usinifiche jina kama unavyowaficha wengine, maana Gitting nzima imeshajua, Katesh wanajua, mpaka Mbulu kwa wakwe watarajiwa wa shemeji yangu wanajua, sasa ukiandika "msomaji wa Hanang" watu watacheka tu. Mimi ni Paskalina, nina miaka ishirini na tisa, mke wa Patriki, tuna watoto wawili, tunalima ngano kidogo, maharage na vitunguu swaumu, na tunaishi mji mmoja, yaani boma moja, na baba mkwe wangu, Mzee Margwe, ambaye leo ni siku ya kumi na moja haitikii shikamoo yangu.

Mama, naamka asubuhi, nampelekea chai, nainama, nasema shikamoo baba, na yeye anaangalia mlima. Chai anakunywa yote, shikamoo anaiacha pale pale. Watoto wameanza kuniuliza kama babu amekuwa kiziwi.

Nianzie mwanzo. Mwaka juzi sista mmoja wa parokia yetu alihamishwa, na kwa sababu nilikuwa namsaidia bustani aliniachia kamera yake ndogo ya dijitali, ya zamani, kifuniko cha betri hakikai mpaka ukifunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikaanza kupiga kila kitu kilichosimama na kila kitu kilichokimbia, kuku, watoto, mahindi, Patriki, na picha zilikuwa mbaya mama, ila sikujua kama ni mbaya kwa sababu nyumbani ukimwonyesha mtu picha yake anasema tu nzuri. Shemeji yangu Yonas, mdogo wake Patriki, ambaye anatengeneza pikipiki Katesh, ndiye aliyenionyesha grupu moja la Facebook la watu wanaojifunza kupiga picha, ambapo unaweka picha yako, unaandika ulitaka kuonyesha nini, halafu unafunga mdomo, maana sheria yao ni kwamba hujitetei mpaka watu watano wameshasema. Mwalimu wa grupu ni kaka anaitwa Agustino, sijawahi kumwona hata siku moja, lakini namwogopa kuliko nilivyomwogopa mwalimu wangu wa hesabu.

Basi nikaweka picha ya Patriki amesimama, Mlima Hanang nyuma yake. Wee mama! Wa kwanza akauliza, "Dada, mlima unadondoka au wewe ulikuwa unateleza?" Wa pili akataka kujua mguu mwingine wa huyo baba uko wapi. Wa tatu akasema mbuzi aliyepita kwa nyuma ametoka vizuri kuliko mwenye mji. Nililia kule kilimani nyuma ya shule, ndiko mtandao unakoshika, nikashuka macho yamevimba mpaka Patriki akauliza ni nani amefariki. Lakini kesho yake nikapanda tena kilima, na kesho kutwa tena, kwa sababu nilipokwisha kulia niliiangalia ile picha nikaona kweli mlima unadondoka. Nikajifunza kunyoosha mstari wa chini, pale ardhi inapokutana na anga, nikajifunza jua likae ubavuni mwa mtu lisikae mgongoni, nikajifunza kupiga magoti hata kwenye matope ili kumpiga mtoto kwa urefu wake, na baada ya miezi minane watu wakaanza kuniandikia "safi". Siku moja Agustino, ambaye hatoi safi ovyo, aliandika maneno mawili tu, "Sasa unaona." Mama Brightness, kwa maneno hayo mawili nilipika pilau siku ya Jumanne.

Sasa nije kwenye kosa. Mwezi uliopita nilishuka Gendabi na punda kuchukua samadi kwa Mzee Gidamis, mfugaji, rafiki wa siku nyingi wa baba mkwe wangu, na nilifika wakati ng'ombe wanatoka zizini, vumbi limepanda, jua linapita katikati ya vumbi, pembe zinang'aa, nikasahau samadi. Nikaomba ruhusa kama grupu linavyofundisha. Mzee Gidamis akasema, "Piga tu, ila wake zangu waulize wenyewe." Nikawauliza, wakakataa, nikawaacha, nikapiga ng'ombe, maana ng'ombe nani amwombe ruhusa?

Wasomaji wako wa mbali waelewe kwamba huku kwetu mkulima hakai na ng'ombe wake wote nyumbani. Wengine anawapeleka kwa rafiki mfugaji kule chini, rafiki anakunywa maziwa, ndama wanabaki wa mwenyewe, na hakuna anayetangaza nani ana nini kwa nani. Malisho ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba ukoo ukimwona ng'ombe lazima utamwomba.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ng'ombe wake aliyempenda, mwekundu, uso mweupe, pembe ya kushoto imeinama kabisa mpaka karibu na jicho. Alipofariki, miaka mitano sasa, mzee aliwaambia watoto kwamba ng'ombe wote wa mama yao waliokuwa kule chini walikufa na ugonjwa mwaka ule wa ukame. Watu wakasikitika, yakaisha. Yonas ana mchumba wake Mbulu, Imakulata, binti mtulivu kweli, mwaka wa tatu huu anasubiri, na kila wazee wakikaa kuzungumzia mahari baba mkwe anasema mimi sina ng'ombe, mnataka niwatoe wapi, subirini. Wenzake Imakulata wana watoto wawili wawili.

Nikapanda kilima changu, nikahamisha picha kutoka kwenye memori kadi kwenda kwenye simu, nikachagua moja, nikaposti. Haikupita saa moja Agustino akaichukua, akachora duara jekundu, akairudisha na maneno: "Wote tuangalie hapa. Huyu mwenye pembe iliyoinama ndiye roho ya picha, jicho linakwenda kwake moja kwa moja." Watu wakamiminika, mia mbili, mia tatu, wote wanamsifia ng'ombe. Halafu nikaona Yonas ameandika, "Huyu si ng'ombe wa mama? Si tuliambiwa alikufa?" Wenyewe kule kwenye grupu wakadhani anachambua picha! Mmoja akamjibu, "Umeisoma vizuri sana, kaka." Mwingine akasema na yeye ameona kuna huzuni fulani ya msiba. Na nyuma ya yule ng'ombe, mama, kulikuwa na mitamba mitatu, uso mweupe wote kama mama yao.

Kesho yake mchana Yonas alifika na pikipiki, hakusalimia mtu, akamwekea baba yake simu magotini wakati mzee anapukuchua mahindi. Baba mkwe aliangalia muda mrefu. Hakukataa. Aliuliza tu, "Nani amepiga?"

Tangu siku hiyo hasemi na mimi. Amemtuma Patriki maneno mawili, kwamba picha ifutwe na kamera ikae chumbani kwake. Patriki naye yuko katikati, asubuhi yuko upande wa baba, jioni yuko upande wangu, simlaumu. Jumapili ijayo baada ya misa wazee wa ukoo wanakaa. Na wakati huo huo, mama, angalia mambo ya dunia, grupu limechagua picha kumi za mwaka na yangu ni mojawapo, watazichapa kubwa kama mlango na kuzitundika kwenye maonyesho Babati mwisho wa mwezi, picha ya Paskalina wa Gitting aliyeangusha mlima! Wanataka jibu langu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia hata Patriki. Kule kilimani, kabla sijaposti, niliivuta ile picha kwa vidole ikawa kubwa, na nilimtambua yule ng'ombe. Nilimtambua kabisa. Nikatafuta nyingine ambayo hayumo, zikawepo mbili, zote hazina maana, ng'ombe wamegeuza makalio. Nikakaa na simu pale, nikasema ah, nani atamwona kwenye ng'ombe wote hawa, nikabonyeza. Watu wananishukuru kwamba nimemtetea Yonas. Sikumfikiria Yonas hata kidogo. Nilifikiria picha yangu ni nzuri, na watu waione.

Nifute? Nitoe kamera? Niwaambie Babati hapana? Na dhambi yangu kubwa kuliko zote ni kwamba pamoja na yote haya nikiiangalia ile picha nafurahi, nafurahi mpaka naona aibu. Nijibu kwa ukali tu, nimeshazoea.

Ni mimi, Paskalina, Gitting.


MAMA BRIGHTNESS ANAJIBU

Paskalina, marahaba. Naitikia mimi kwanza, angalau upate moja wiki hii.

Jibu hili nakutumia kwa simu kabla ya gazeti, kwa sababu ya hiyo Jumapili yenu, na halitachapwa mpaka wewe na mzee wako mmesema lichapwe. Nikisema na mzee wako namaanisha hivyo hivyo. Tumeshaona unavyoomba ruhusa nusu.

Kwanza nikupongeze, maana nikianza na ugomvi nitasahau. Nimeitafuta picha yako nimeiona. Mtoto wa kike uliyechekwa mbele ya watu wasiokujua, ukalia, ukashuka kilima, ukapanda tena kesho yake! Nawajua wanaume wazima walioambiwa mara moja tu kwamba wanaimba vibaya, wakaacha kwaya mpaka leo. Kamera imefungwa kwa tyubu na bado umewashinda wenye mashine za maana. Hongera sana, na hiyo furaha usiiite dhambi. Furaha ya kazi uliyoijifunza kwa machozi ni yako kihalali, kula.

Tumemaliza sifa. Sasa kaa chini.

Unaniuliza ng'ombe nani amwombe ruhusa. Wewe mtoto wa huku unaniuliza mimi swali hilo? Baba yangu alikuwa mtu wa Mbulu, ng'ombe wake walikuwa Getanuwas, nasi watoto tuliwajua baada ya matanga yake, mfugaji wake alipopanda milimani mwenyewe kuja kutuonyesha. Asingekuja tusingejua mpaka leo. Ng'ombe wetu wanaishi kwa mdomo uliofungwa wa mtu mwingine. Ulilijua hilo tangu unanyonya, ukalisahau kwa sababu ya laiki mia tatu.

Halafu kwenye barua yako yote umemlilia baba mkwe, umemlilia Yonas, umejililia mwenyewe, lakini uliyemvunjia nyumba ni Mzee Gidamis na hujamtaja tena tangu ulipopakia samadi. Unafikiri kwenye zizi lile ng'ombe ni wa Margwe peke yake? Kuna wakulima wangapi wa Gitting ambao siku hizi wanaivuta picha yako kwa vidole wakitafuta wa kwao, na wake zao wakitafuta nao? Mzee wa watu amekaa maisha yake yote bila kusema, wewe umemsemea. Wakimwondolea ng'ombe wao na rafiki zake wakaanza kupita mbali na boma lake, hicho ndicho kilichoharibika. Kwa hiyo safari yako ya kwanza ni Gendabi. Alhamisi, asubuhi, kwa miguu. Punda mwache nyumbani, ukienda na punda atadhani umefuata samadi tena. Usiende mikono mitupu, mpelekee asali, yeye atajua ya nini. Sema umekosa, halafu tumia ile sheria ya grupu lenu, nyamaza mpaka amalize.

Picha usiifute. Imeshahifadhiwa kwenye simu za watu, ukifuta utaonekana ulisema uongo, na picha yako haikusema uongo. Lile duara jekundu ndilo liondoke. Mwandikie huyo mwalimu Agustino leo hii umwambie kwa adabu kwamba anachokiona kama roho ya picha, kwenu ni siri ya mtu, aliondoe. Na Yonas afute maneno yake yeye mwenyewe. Mwambie shangazi yake wa gazetini amesema mtu haulizi habari za ng'ombe wa marehemu mama yake mbele ya watu elfu saba, hata kama ana haki. Ana haki, ndiyo. Miaka mitatu ni mingi, na Imakulata si gunia la kuhifadhiwa ghalani. Lakini hata mwenye haki huanza na salamu, na kumtupia baba simu magotini si salamu.

Kamera usiitoe. Hapo nasimama na wewe na sitoki. Kosa umelifanya wewe, halikufanywa na kamera, na ukiitoa utakuwa umemwachia mzee kifaa badala ya kumwachia neno. Utaenda kwa baba mkwe wako Ijumaa, Patriki akiwepo, bila simu. Picha hiyo ichapishe Katesh, ukubwa wa daftari, umpelekee mkononi. Msalimie, hata asipoitikia. Kisha umwambie hilo uliloniambia mimi na kumficha mume wako, kwamba ulimtambua ng'ombe ukabonyeza. Litakuuma. Lakini Jumapili wazee watakupamba kwamba wewe ni mtetezi wa Yonas, na ukikubali sifa hiyo utakuwa umeficha kitu chako zizini kwa wengine.

Habari ya mahari usiiguse. Hukuolewa pale kuwa hakimu. Hilo ni la baba na wanawe.

Kuhusu Babati, muulize mzee. Akikataa, waandikie hapana, na usilie mbele yake. Utapiga nyingine. Mtu aliyepiga ile ana nyingine ndani yake, mimi nakuambia.

Na jambo moja la mwisho, mwanafunzi wa picha. Watu mia tatu wameichambua, mwalimu amechora duara, na hakuna hata mmoja aliyeangalia shingo. Yule ng'ombe ana kengele. Ukanda wa kengele ni wa ngozi mpya, umekatwa vizuri, umeshonwa. Wengine wote zizini wana kamba. Ng'ombe mzee, pembe mbovu, maziwa yameisha, miaka mitano hajauzwa na hajachinjwa, na mtu anamshonea ukanda. Mchoyo hafanyi hivyo. Nenda kwa baba mkwe wako ukiwa na hilo kichwani, na usimuulize. Mwache aseme.

Ulijifunza kuangalia picha. Sasa angalia mtu.


BARUA YA PASKALINA, WIKI TANO BAADAYE

Mama Brightness, shikamoo! Shikamoo mara mbili! Lichape, lichape lote, mzee amesema lichapwe, na ameniambia nihakikishe jina lake limeandikwa vizuri.

Nilifanya kama ulivyosema. Gendabi nilikwenda kwa miguu na asali, Mzee Gidamis akanisema mpaka jua likatoka ubavuni likaja utosini, nikanyamaza. Aliniambia watu wawili walishakuja na nyuso za ajabu kuangalia ng'ombe wao, akawaambia wakitaka wawachukue, wakaangaliana, wakaondoka wameacha. "Wataniletea na wengine," akasema, "maana sasa wameona walivyonona." Halafu akachukua asali, akacheka, akaniambia neno moja ambalo nilitembea nalo njia nzima. Baba mkwe wangu hushuka Gendabi kila mwezi. Kila mwezi! Sisi tunaambiwa amekwenda kupima presha. Anakaa na yule ng'ombe, anamkuna shingo, anarudi. Ukanda alishona mwenyewe.

Ijumaa nikaingia na Patriki. Nikasema lile la kilimani, lote, Patriki ananitolea macho. Nikamwekea mzee picha mkononi. Akaishika mbali, akaishika karibu, akasema, "Hapa ameangalia kama alivyokuwa anamwangalia mama yenu akija na ndoo." Kisha mama, yule mzee akalia. Nimeishi naye miaka tisa sijawahi kumwona analia. Akasema alipozikwa mama, ndugu walianza kuuliza habari za ng'ombe wake hata kaburi halijakauka, naye akaona wakimchukua yule hatakuwa na kitu cha kukiendea. Akasema wamekufa. Neno likishatoka, kila mwaka likawa gumu zaidi kulirudisha, na mitamba ikazaliwa, na Yonas akaanza kudai, na akawa anadanganya juu ya uongo. Nikamwambia pole baba. Akasema, "Na wewe pole. Ulimwona, ukashindwa kumwacha. Hata mimi."

Jumapili wazee walipokaa, baba mkwe alisimama kabla hajaulizwa akasema mwenyewe. Ile mitamba mitatu imekwishapanda Mbulu, Yonas aliisindikiza kwa miguu akiwa na shati jeupe, nilimpiga picha amejaa vumbi mpaka nyusi, na Imakulata tunamleta baada ya mavuno. Ng'ombe wa mama hakwenda popote, wakwe wenyewe walisema yule abaki na mzee.

Sasa Babati. Nilimuuliza, akasema iende, ila na yeye aende. Alivaa koti la harusi yake. Picha ilikuwa kubwa kuliko mlango, na Agustino alikuwepo, kumbe kijana mdogo tu, ananisalimia shikamoo mimi! Baba mkwe alisimama pembeni ya ile picha tangu asubuhi, hakukubali kiti, kila anayekuja anamweleza, huyu alizaliwa mwaka gani, pembe iliinama kwa nini, mama mwenye ng'ombe aliitwa nani. Mtu mmoja akamuuliza kama ndiye mpiga picha. Akasema, "Hapana, mpiga picha ni yule pale, ni wa kwangu." Hakusema mkwe. Alisema wa kwangu, nikalazimika kwenda nje kidogo.

Basi juzi asubuhi kabla sijapeleka chai alikuja mwenyewe mlangoni kwangu, fimbo mkononi, Patriki na Yonas wako nyuma yake hawaelewi kitu. Akaniambia chukua kamera yako, tunakwenda Getanuwas, kuna ng'ombe wengine. Yonas akakaa chini palepale! Tukaenda wote wanne. Walikuwepo kweli, na mfugaji wa kule alipomwona mzee amekuja na watoto alishika mdomo. Baba mkwe akaingia katikati ya ng'ombe, akavua kofia, akanigeukia.

"Nipige nikiwa nao," akasema. "Nimechoka kuwaangalia kwa kujificha."

Nikapiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe na sketi yangu ya kanisani, nikampiga.